Luhwindja: mti wa babu ukianguka, uende makala ao ubakie kumbukumbu?

Ukiuliza mzee wa Luhwindja njia ya kwenda kwenye boma la zamani, mara nyingi hatakutajia jina la barabara. Atanyoosha kidole na kukuonyesha mti. Pale kwenye ule mti mkubwa njo palikuwa nyumba ya fulani. Pale chini yake njo walizikwa wazee. Pale kwenye ule mstari wa miti njo mpaka na jirani. Nyumba ya udongo inaanguka, nyasi za paa zinaoza, watu wanahama, lakini mti unabakia mahali pake na kutoa ushahidi. Kwa familia nyingi za sheferi hii ya teritwari ya Mwenga, katika Kivu ya Kusini, mti mmoja unaweza kuwa jina la ukoo, kaburi, na karatasi ya shamba kwa wakati mmoja.

Sasa miti hiyo inapunguka. Mingine iliondoka na mgodi, mingine inaondoka kila siku ndani ya magunia ya makala, mingine inakatwa juu watu wamekimbia vita na hakuna wa kuichunga. Na kila mti wa namna hiyo ukianguka, swali ni lilelile: uende jikoni, uende kwa fundi mbao, ao kuko njia ya kufanya ubakie mali ya kijiji?

Katika sehemu zingine za Afrika ya Mashariki, na hata ndani ya Kongo yenyewe, wanainchi wamejibu swali hilo kwa mikono yao. Wamechukua mti wenye maana kwao na kuugeuza ngoma, nguo, kiti ao sanamu, kitu ambacho kila mtu wa kijiji anakitambua na kusema: hiki ni chetu. Kwa mtu aliye na njaa ao aliyekimbia risasi, jambo hilo linaweza kuonekana ni mchezo. Lakini ukiangalia vile ardhi inavyopatikana na kupotezwa Luhwindja, utaona haiko mchezo.

Mti ni shahidi wa shamba

Katika desturi za Bushi, Luhwindja ikiwemo, namna ya kupata ardhi ilikuwa na majina yake. Kalinzi ilikuwa njia ya kudumu: mtu anatoa ng'ombe kwa mwami ao kwa mkubwa wa mahali, na kisha hapo shamba linabakia kwake na kwa watoto wake. Bwasa ilikuwa kukodi kwa muda mufupi, mara nyingi kwa msimu. Na tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili ilionekana kwa macho, shambani. Mwenye kalinzi alikuwa na ruhusa ya kupanda migomba na miti. Mwenye bwasa alilima maharagi, mihogo ao viazi, lakini kupanda kitu cha kudumu alikatazwa.

Sababu yake ni wazi. Anayepanda mti anasema kwamba atakuwepo wakati mti utakapokomaa. Kumruhusu mpangaji apande mti ni kumpa haki ambayo mwenye shamba hakukusudia kumpa. Kwa hiyo mti mkubwa unaosimama leo kwenye shamba la familia una maana kuliko kivuli chake. Unasema kwamba babu wa familia hiyo hakuwa mpangaji.

Kwa upande mwingine, sheria ya inchi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Wakulima wengi wa Kivu hawajapata kamwe karatasi ya serikali ya mashamba yao. Wanaishi kwa desturi, na desturi inaishi kwa mashahidi: wazee, majirani, na miti. Wazee wanakufa. Majirani wanahama. Mti ukikatwa bila mtu yeyote kuandika habari yake, shahidi wa mwisho amenyamaza.

Hapo njo panapoonekana kwa nini swali la kufanya sanaa kutokana na mti wa namna hiyo haliwezi kuachwa kwa fundi peke yake. Ni swali la haki pia.

Mgodi ulipofika

Historia ya miaka ya karibuni ya Luhwindja haiwezi kuelezwa bila mlima wa Twangiza. Kampuni ya Kanada iitwayo Banro ilijenga hapo mgodi wa dhahabu, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa katika Kivu ya Kusini kisha miaka mingi. Dhahabu ya kwanza ilitoka mwaka 2011, na mwaka 2012 kampuni ikatangaza kwamba uzalishaji wa kibiashara umeanza. Ili mgodi upate nafasi, mamia ya familia zilihamishwa, nyingi zikapelekwa Cinjira, juu milimani, mahali penye baridi na miteremko. Wachimbaji wa mikono walipoteza mashimo, wakulima wakapoteza mashamba. Malalamiko juu ya uhamisho huo yameandikwa na mashirika ya raia na watafiti wa vyuo vikuu, na mpaka leo yanasikika katika mazungumzo ya kijiji.

Katika uhamisho wa namna hii, kila kitu kinapewa bei. Nyumba ina bei yake, mgomba una bei yake, mti wa mbao una bei yake kufuata unene na umri. Kodi ya migodi ya Kongo, ile ya 2002 na marekebisho yake ya 2018, inasema katika kifungu cha 281 kwamba mtu aliyenyimwa matumizi ya ardhi yake apewe malipo ya haki, kufuata thamani ya ardhi, na kuongezewa nusu ya thamani hiyo. Kifungu cha 279 kinakataza kuchukua bila ruhusa ya wenye mamlaka ardhi iliyowekwa kwa makaburi, na vilevile ardhi yenye mabaki ya kale ao kumbukumbu ya taifa.

Kwa hiyo makaburi yana ulinzi fulani ndani ya sheria. Kumbukumbu ya taifa ina ulinzi. Lakini mti ambao mama alipanda siku alipozaa mtoto wake wa kwanza, ao mti ambao chini yake ukoo ulikuwa unakata maneno yake, hauko kaburi na hauko kumbukumbu ya taifa. Katika orodha ya malipo, unaingia kama mti wa kawaida. Mwenye kuhesabu anaandika aina yake na kipimo chake, anapita. Hatuwezi kusema mwenye kuhesabu amekosea hesabu. Karatasi yake haina mstari wa kuandikia kile ambacho familia inapoteza.

Waswahili husema mtu hasahau mahali kitovu chake kilipozikwa. Kwa watu wa milima hii methali hiyo ina mwili: katika familia nyingi za eneo la Maziwa Makuu, kitovu cha mtoto kilizikwa kweli kando ya nyumba, mara nyingi chini ya mgomba. Mtu aliyehamishwa alipata nyumba nyingine. Mahali pa kitovu hapahamishwi.

Makala, kisha vita

Mgodi haukumaliza miti peke yake. Jikoni nyingi za Bukavu zinategemea makala, na makala hayo yanatoka vijijini, kwenye milima inayouzunguka mji. Mti mkubwa wa asili unatoa magunia mengi kuliko mkaratusi mchanga. Kwa kijana asiye na kazi, mti wa babu ni pesa iliyosimama. Kumlaumu ni rahisi kwa yule ambaye amekula mchana.

Kisha ikaja hali ya 2025. Mwezi wa pili mwaka huo, mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23. Mwezi wa tano, wapiganaji hao walifika Luhwindja na kuchukua eneo la mgodi wa Twangiza. Familia zilikimbia, zingine zikarudi, zingine hazijarudi. Katika hali ya namna hii, mambo mawili yanatendeka kwa miti. Kwanza, shamba lisilo na mwenyewe linageuka pori la kila mtu, na miti yake inakatwa bila kuuliza. Pili, anayerudi anakuta alama za mpaka hazipo tena, na ugomvi na jirani unaanza upya.

Kivu inajua vile migogoro ya mashamba inavyoweza kumaliza watu. Kwa hiyo kuchunga kumbukumbu ya miti haiko jambo la wakati wa amani tu. Pengine ni wakati huu hasa ambapo habari za miti zinapaswa kuandikwa, kabla mtu wa mwisho anayezijua hajaondoka.

Burundi: mti unaosemesha ngoma

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mto Ruzizi. Ngoma za Burundi zinachongwa kutoka kwenye mti ambao Warundi wanauita umuvugangoma, maana yake mti unaosemesha ngoma. Kwa jina la kisayansi ni Cordia africana, mti unaoota pia katika milima ya Kivu. Gogo linatobolewa kwa ndani, ngozi ya ng'ombe inavutwa juu yake na kukazwa kwa vijiti. Sehemu za ngoma zina majina ya mwili na ya uzazi: vijiti vinaitwa maziwa ya mama, chini kuko kitovu. Neno lenyewe ingoma lilikuwa na maana ya chombo na ya ufalme pia.

Mwaka 2014, Unesco iliandika ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Gishora, karibu na Gitega, ingali mahali ambapo ngoma hizo zinachungwa. Jambo la kuangalia kwa mtu wa Luhwindja ni hili: hakuna mtu mmoja mwenye ngoma. Kuko ukoo wa wachungaji, kuko kijiji, kuko sheria za nani apige na wakati gani. Mti ulikufa, lakini ulikufa ndani ya utaratibu ambao watu wote wanaujua.

Mfano huo una upande wake mwingine pia. Mwaka 2017, amri ya rais wa Burundi iliweka masharti juu ya upigaji wa ngoma: wanawake wakakatazwa kuzipiga, na maonyesho yakahitaji ruhusa na malipo. Sanaa ya pamoja ikipata sifa kubwa, wenye nguvu wanaweza kutaka kuishika. Kijiji kinachoanza kazi kama hiyo kinapaswa kujiuliza tangu mwanzo: nani atakuwa na neno la mwisho?

Buganda: kutoa nguo bila kuua mti

Kule Uganda, Waganda wamefika mbali zaidi. Nguo yao ya magome, lubugo, inatoka kwenye mti wa mutuba, ndugu wa mivumu inayopandwa kwenye maboma ya Kivu, Rwanda na Burundi. Wakati wa mvua, fundi anavua gome la mti mzima, analipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa laini, na rangi yake inageuka nyekundu ya udongo. Mti wenyewe anaufunga kwa majani ya mgomba kama mtu anayefunga kidonda. Gome linaota tena, na mti uleule unaweza kutoa nguo miaka mingi. Unesco ilitambua kazi hiyo mwaka 2005.

Nguo hiyo ilikuwa ya wafalme na ya mazishi. Leo iko pia kwenye kazi za wasanii wa Uganda kama vile Sanaa Gateja na Jose Hendo, ambao walikuwa kati ya wasanii wa inchi hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mwaka 2024. Msanii mwingine, Fred Mutebi, amejulikana kwa kuwahimiza wakulima wa upande wa Masaka wapande mutuba upya, juu nguo ya magome haiwezi kuendelea kama mashamba hayana miti.

Nguo ya magome haikuwa ya Waganda peke yao. Watu wa Kivu pia waliivaa kabla ya pamba kuingia. Maarifa hayo yalipotea haraka katika vijiji vingi, lakini mti wa kuyafufua haujapotea wote. Na mivumu ina tabia nzuri: tawi nene likichomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua, linatoa mizizi. Mtu aliyehamishwa anaweza kubeba tawi la mti wa babu yake na kupanda mti uleule mahali pengine. Hiyo ni kazi ya dakika chache, haidai franga, na haihitaji ruhusa ya shirika lolote.

Lusanga: sanaa iliyorudisha ardhi

Wakongomani hawahitaji kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Katika jimbo la Kwilu kuko Lusanga, ambayo zamani iliitwa Leverville kwa jina la mwenye kampuni ya mafuta ya mawese ya wakati wa ukoloni. Mwaka 2014, wafanyakazi wa mashamba ya huko walianzisha chama chao cha sanaa, CATPC, pamoja na mtaalamu wa mazingira René Ngongo, Mkongomani aliyepata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2009, na msanii wa Uholanzi Renzo Martens. Wanachama wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mto. Sanamu hizo zinanakiliwa na kumiminwa Amsterdam kwa kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale ambayo wazazi wao walivuna kwa mshahara mdogo. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York. Mwaka 2024 chama hicho kilishika nyumba ya Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice.

Pesa za sanamu zilinunua ardhi. Chama kinasema kimerudisha karibu hektari 200 za shamba la zamani la kampuni, na hapo wanapanda miti ya matunda, chakula, na msitu wa asili. Mwaka huohuo wa 2024, sanamu ya Balot, iliyochongwa na Wapende wakati wa maasi ya 1931 na kuhifadhiwa Marekani, ilikopeshwa kwa Lusanga kwa miezi michache.

Kwa Luhwindja, mfano wa Lusanga unagusa jeraha lilelile: kampuni ilichukua ardhi, watu wakabakia pembeni. Lakini kuko tofauti mbili za kupima. Lusanga haikuwa uwanja wa vita wakati kazi hiyo ilipoanza. Na Lusanga ilipata mlango wa kuingilia kwa wanunuzi matajiri wa Ulaya na Amerika. Chama cha vijana wa milima ya Mwenga hakina mlango huo, na ni hatari kuwaahidi watu kwamba kuchonga mti kutaleta pesa nyingi. Wachongaji wa Kikamba nchini Kenya, wenye ujuzi wa karne nzima na soko la watalii, wenyewe walipata taabu miti migumu kama mpingo na muhuhu ilipoanza kukosekana, wakalazimika kuchonga mwembe na mwarobaini.

Nairobi: wakati mwingine sanaa ni kuuacha mti

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2020, barabara mpya ya juu ilikuwa ikijengwa Nairobi, na mtini mkubwa wenye zaidi ya miaka 100 pale Westlands ulikuwa uondolewe. Wakaaji na watetezi wa mazingira wakapiga kelele. Tarehe 11 mwezi huo, amri ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangazwa: mti usiguswe. Kwa Wakikuyu, mugumo ni mti wa sala. Wangari Maathai, mwenye tuzo ya Nobel ya amani ya 2004, alieleza katika kitabu cha maisha yake vile mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo, na vile kijito cha utoto wake kilikauka mtini wa pale ulipokatwa.

Somo lake ni rahisi. Kabla ya kuuliza mti utageuzwa nini, inafaa kuuliza kama lazima ukatwe. Kazi ya sanaa isigeuke kisingizio cha panga.

Jirani mwenye tahadhari

Ndani ya teritwari hiyo hiyo ya Mwenga wako Walega, ambao kazi zao za mti na pembe zinajulikana dunia nzima. Kwa wenyewe, vitu hivyo havikuwa mapambo. Vilikuwa vya Bwami, chama cha mafundisho, ambapo sanamu ndogo ao uso wa mti ulionyeshwa pamoja na methali ili kumfunza mtu namna ya kuishi. Mwenye kitu akifa, kilipita kwa mwingine kwa utaratibu. Ukoloni ulikataza Bwami mwaka 1948, na vitu vingi vikasafiri kwenda Tervuren na kwenye nyumba za matajiri wa Ulaya na Amerika. Huko vinakaa nyuma ya kioo, vingi bila jina la aliyechonga wala methali iliyovipa maana.

Watu wa Luhwindja wanaweza kujifunza hapo bila kwenda mbali. Kitu kikitengana na habari yake, kinabakia kipande cha mti kizuri. Kwa hiyo habari ichungwe kwanza, kitu kifuate.

Nini kinawezekana sasa

Ukichukua mifano hiyo yote na kuipima kwa hali ya Luhwindja ya leo, unaona kazi ambayo inaweza kuanza bila mfadhili.

Ya kwanza ni orodha. Kila kijiji kinaweza kuandika ndani ya daftari miti yake yenye maana: mahali, aina, nani aliupanda kama anajulikana, ni wa familia gani, una habari gani. Wazee waseme, vijana waandike, na majirani wa pande zote mbili za mpaka wawepo, juu habari ya upande mmoja inazaa kesi. Sauti za wazee zinaweza kurekodiwa kwa simu. Redio ya jamii njo chombo chenyewe cha kazi hiyo: inafika pale karatasi haifiki, na inaongea Mashi na Kiswahili.

Ya pili ni kupanda tena. Mvua za Kivu zinaanza mwezi wa tisa. Tawi la mti wa zamani likichomekwa wakati huo, mti hauishi hata kama shina litaanguka.

Ya tatu inahusu mti ulioanguka wenyewe, kwa upepo, kwa uzee ao kwa mtelemko wa udongo. Hapo familia na kijiji vinaweza kukaa na kuamua kabla ya mtu wa makala kufika. Fundi aulizwe ukweli wa mti. Mvumu ni laini na mwepesi. Unafaa kwa kiti, bakuli ao sanamu ya ndani ya nyumba, lakini ukiwekwa nje unaliwa na wadudu haraka. Mkaratusi unapasuka ukikaushwa upesi. Cordia unachongeka vizuri na unavumilia. Gogo linapaswa kukauka kivulini polepole, ncha zake zikipakwa nta ao rangi ili zisipasuke; mafundi wengi huhesabu karibu mwaka mmoja kwa kila sentimeta 2 na nusu za unene. Anayetaka kiti cha kumbukumbu kwa juma moja atapata kiti chenye ufa.

Ya nne ni mapatano yaliyoandikwa. Benchi iliyotoka kwenye mti wa ukoo fulani itakaa wapi: shuleni, kwenye baraza la mwami, kanisani, kituo cha afya? Nani anaichunga? Inaweza kuuzwa? Familia ikirudi kutoka ukimbizini ikisema mti ulikuwa wake, itajibiwa nini? Ukurasa mmoja wenye sahihi na alama za vidole unaweza kuzuia miaka ya ugomvi.

Kuko pia mlango wa sheria, kwa siku ambayo mgodi utarudi kwenye utaratibu wa kawaida. Kodi ya migodi ya 2018 inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii, na ifanye mapatano na wanainchi juu ya miradi hiyo. Hakuna kinachokataza jamii kuandika humo orodha ya miti na mahali pa kumbukumbu, ili safari ingine mwenye kuhesabu akute mstari uliokosekana mwaka 2010.

Mambo ambayo hayajakwisha

Hata hivyo, kuko vizuizi ambavyo daftari haliwezi kuondoa. Kuko wahubiri wanaoona mti wa ukoo ni mahali pa mizimu, na watasema kuutengenezea sanamu ni kurudi nyuma. Neno lao lina uzito, na kazi isiyowashirikisha tangu mwanzo inaweza kuvunjwa kwa hubiri moja. Kuko wanawake ambao walichunga mti miaka 40 lakini katika desturi hawana jina juu ya shamba. Wasipoandikwa kwenye orodha, orodha itawaibia mara ya pili. Na kuko silaha. Daftari linaloonyesha nani ana haki juu ya ardhi gani ni kitu cha thamani, na kwa hiyo ni kitu cha hatari. Nakala zake zichungwe zaidi ya mahali pamoja.

Juu ya yote kuko njaa. Gunia la makala linalipa ada ya shule mwezi huu. Benchi ya kumbukumbu hailipi. Anayemwambia mama mjane asiuze mti wake lazima awe na jibu la ada hiyo, na jibu hilo mpaka sasa halijatoka kwa Serikali, wala kwa kampuni, wala kwa wale wanaoshika milima kwa bunduki.

Kinachobakia mikononi mwa wanainchi wenyewe ni kidogo, lakini kina muda wake. Mti ulioanguka unaweza kungoja kivulini mwaka mzima ukikauka. Mzee anayejua nani aliupanda hawezi kungoja vile.